Ulichapisha Kurasa Usizozijua Tu

Kaka Eliud,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa safari hii huwezi kunikatiza na lile jibu lako la "soma kwanza, uliza baadaye," utanisikiliza mpaka mwisho.

Nianze na habari za nyumbani, maana hata barua ya hasira ina adabu yake. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Kaburi lako tumelisakafia, na migomba ya upande ule imestawi kuliko ulipokuwa ukiipalilia wewe, samahani kwa kukwambia. Senene walikuja, wakaanguka wengi sana, tukala mpaka tukachoka, na hakukuwa na mtu wa kunilalamikia kwamba nimetia chumvi nyingi. Kahawa hapa Buganguzi imeanza kuwa nyekundu. Mwanao Mujuni anajitahidi.

Sasa nikueleze ulivyoniponza.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kama kawaida kugawa vitu vyako. Mujuni akatangazwa omusika, mrithi wako, akavishwa koti lako mbele ya watu, akakabidhiwa kibanja. Baiskeli ikaenda kwa binamu, redio ikaenda kwa Mama. Baba mdogo Nestori, aliyekuwa anaongoza kikao, akafika kwenye kitu cha mwisho. "Na lile sanduku linalovuma kule shuleni Kamachumu?" Watu wakatazamana. Mujuni akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa napita na sufuria ya ndizi, sina habari. Baba mdogo akaniona. "Apewe Kemi. Waitu, si mwalimu huyu? Mwalimu hashindwi kusoma." Wakapiga makofi, na jambo likaisha hapo. Hakuna aliyeniuliza kama nalitaka.

Kaka, mimi nafundisha Kiswahili. Nafundisha ngeli na ushairi. Kompyuta nilikuwa naitumia kuchapa mitihani, na hata hapo nilikuwa nakuita uje kunitolea karatasi iliyokwama. Leo niambiwe nisimamie seva, tena ya Linux, tena isiyo na hata picha moja kwenye kioo. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe.

Lakini ningefanyaje? Nilijua ndani ya sanduku lile kuna nini. Kuna masomo yote uliyowarekodi walimu wa Muleba, mmoja baada ya mwingine, ukiwafuata kwa baiskeli na simu yako yenye kioo kilichopasuka, pamoja na yako mwenyewe ya fizikia. Wanafunzi wetu wanayafungua maabara bila kununua bando. Na kila muhula tunapeleka nakala Bumbire, kwa watoto wa kule kisiwani ambao shule yao haijapata mwalimu wa fizikia, na wanaifahamu sauti yako kuliko wanavyoufahamu uso wako. Sanduku likizimika, watoto wale hawana mwalimu. Hilo nililijua tangu nikiwa na sufuria mkononi.

Uliniachia vitu viwili. Cha kwanza ni neno la siri, ulilonitajia wodini herufi kwa herufi, nesi akidhani unaweweseka. Cha pili ni mwongozo. "Kila kitu kimo humo, Kemi," ulisema, na nikakuamini kwa sababu ulikuwa mgonjwa.

Nilikuja kuufungua mwongozo wenyewe baada ya umeme kukatika, ukarudi, na seva ikagoma kugawa masomo. Kitabu kizuri, jalada la bluu, kimebanwa kwa waya. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Namba yake ilikuwa sitini na kitu. Sentensi ya kwanza ilisema: kama tulivyokwisha kuona katika sura zilizotangulia. Nikageuza jalada, nikatafuta nyuma, nikakitikisa. Sura zilizotangulia hazikuwemo.

Nikajipa moyo. Nikachukua kalamu nyekundu, maana bila kalamu nyekundu siwezi kusoma kitu cha mtu, nikaanza kusahihisha. Mtunzi wa mwongozo ule ana tabia moja mbaya. Kila anapofika mahali pagumu anasema ni rahisi. Andika tu amri hii. Fungua tu faili lile. Nikawa napiga mstari chini ya kila "tu" na kuandika pembeni: fafanua. Angekuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ningemrudishia kazi yake airudie. Na wewe ulikuwa unazungumza hivyohivyo. Nilikuwa nadhani ni kiburi chako, kumbe ulijifunza kwa mtu huyu.

Siku ya kwanza kukaa mbele ya seva niliandika "hujambo." Sikujua kingine cha kuandika. Ikanijibu kwamba amri hiyo haipo.

Sikufa moyo, usifikiri. Nilikaa stoo pale shuleni kila baada ya vipindi, kwenye kile kiti chako kinachoyumba, mwongozo magotini. Nilijifunza kuona faili zilipo. Nilijifunza kuamsha huduma iliyolala, na masomo yakarudi, na mkuu wa shule akanipa mkono mbele ya walimu wote kana kwamba nimejenga darasa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nanakili herufi kama mtoto wa chekechea, bila kujua ninachokisema.

Hicho ndicho chanzo cha balaa la Bob. Sura moja kati ya zile ulizoniachia inafundisha jinsi ya kumwondoa mtumiaji aliyeondoka kazini. Ili ufanye mazoezi, inasema, mtengeneze kwanza mtu anayeitwa Bob, mpe neno hili la siri, kisha endelea. Nikamtengeneza Bob. Nikampa neno lilelile lililoandikwa kitabuni. Kisha kengele ikalia, nikaenda kufundisha vitenzi vishirikishi, nikamsahau Bob mle ndani.

Aliyemgundua ni Adela. Humfahamu, ni fundi kijana aliyetumwa na wenye shule kuunganisha shule zao zote kwenye mtandao mmoja. Binti ana heshima, aliniamkia vizuri kabla ya kunitia aibu. "Mwalimu, samahani, Bob ni nani?" Nikamwambia simjui, yumo kitabuni. Akanieleza taratibu kwamba neno la siri la Bob linajulikana dunia nzima, kwa sababu kitabu kile kilisomwa dunia nzima. Nilijisikia kama mtu aliyeacha mlango wazi akaenda kanisani.

Halafu akaniambia jambo la pili, na hili ndilo lililoninyima raha mpaka juzi. "Mwalimu, nimeangalia. Anayeingia humu kila siku ni marehemu."

Ni kweli. Nilikuwa natumia jina lako. Lako peke yake ndilo lililokuwa na mamlaka, na neno la siri nililokuwa nalo lilikuwa lako. Kila nilipoingia, kabla ya kitu kingine chochote, kioo kiliandika kwamba Eliud aliingia hapa mara ya mwisho jana, na saa. Jana, Kaka. Ulikuwa chini ya saruji, na seva inasema ulikuwepo jana. Nikwambie ukweli, nilikuwa naupenda mstari ule. Nilikuwa nausoma polepole kisha nakaa kidogo kabla ya kuanza kazi. Kuna siku niliingia bila kuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Adela akasema seva haiwezi kuunganishwa na shule nyingine ikiwa ina jina la mtu asiyekuwepo, maana mtu mbaya akilipata, nani atajua kwamba si yeye? Anataka jambo hili liishe kabla ya mtihani wa moko wa kidato cha nne. Kama mimi siwezi, yeye atasafisha sanduku lote na kuanza upya. Ni kazi ya asubuhi moja. "Vitabu vilivyomo nitavinakili, Mwalimu. Hayo mengine sijui aliyapanga vipi."

Hayo mengine. Masomo ya Bumbire ndiyo hayo mengine.

Nikamwambia nitafanya mwenyewe. Nilisema kwa ile sauti ninayotumia na wazazi wanaokuja kudai alama. Akaitikia, kisha akaniongezea mzigo, kwa nia njema: nisifunge jina lako kabla sijalipatia jina langu mamlaka. Nikikosea mpangilio, hakuna binadamu atakayeingia tena, na hapo hata yeye atakuwa hana la kufanya ila kufuta vyote.

Jinsi ya kulipatia jina mamlaka ipo wapi? Katika sura zilizotangulia.

Usiniambie kuhusu video za mtandaoni. Nilijaribu. Mtu anazungumza mbio kama anafukuzwa, na bando linakwisha kabla hajafika anakokwenda. Adela naye alikuwa amekwenda shule nyingine. Nikapanda gari Jumamosi moja mpaka Bukoba, kwenye ile stationery ya karibu na soko, kwa Bwana Idrisa aliyekuchapia mwongozo, kumwuliza amepeleka wapi nusu ya kitabu changu. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Bwana Idrisa alipojua mimi ni nani, alisimama, akanipa pole, akamwita mkewe naye aje anipe pole. Kwa hiyo ugomvi ukanikauka mdomoni. Ndipo akanieleza. Ulikuja na flashi baada ya kutoka hospitali mara ya kwanza, ukiwa umevaa sweta juani. Akaanza kuchapa toka mwanzo, ukamshika mkono. "Hizo nazijua, Idrisa. Nichapie nisizozijua tu, usipoteze karatasi." Kisha ukaondoka na flashi yako.

Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara. Sijawahi kukukasirikia namna ile tangu tukiwa watoto. Ulikuwa unafikiri nini? Kitabu uliniambia ni changu. Uliniambia kila kitu kimo humo. Kumbe kila kitu ulichokijua kilikuwa kichwani mwako, na kichwa chako tumekizika Buganguzi, na mimi nimeachiwa yale yaliyokushinda hata wewe. Mtu anayejua huwa hafikiri kwamba kuna mtu hajui. Watu walinipita wakinitazama, maana nilikuwa nasema peke yangu, tena kwa Kihaya.

Niliporudi ndani Bwana Idrisa alikuwa ameinama chini ya meza. Karatasi zilizoharibika huwa hazitupi. Anazitumia upande wa pili kujaribia mashine. Zile alizokuwa ameanza kukuchapia kabla hujamzuia zilikuwa humo, zimechanganyika na nyingine. Tukapiga magoti sakafuni mimi, yeye na mkewe, tukachambua. Ukurasa wa kutengeneza mtumiaji tuliupata umechafuka wino. Ukurasa wa kumpa mtumiaji mamlaka tuliupata ukiwa na kivuli cha kadi ya harusi ya watu nisiowajua nyuma yake. Nikakumbatia makaratasi yale kama nimeokota mtoto.

Njiani kurudi nilizisoma, kisha nikaupitia tena mwongozo wako, kuona ni mambo gani hukuyajua. Diski inayokufa. Kurudisha kilichopotea. Na ile sura ya kumwondoa aliyeondoka. Hilo hukuwahi kulifanya, naamini. Jina la mwalimu wa hesabu aliyehamia Geita bado limo. La yule mama wa maktaba aliyestaafu limo. Wewe hukuwa mtu wa kumtoa mtu. Lakini ulitoka hospitali, ukavaa sweta, ukaenda Bukoba kuchapisha sura ile. Sijui kama ulikuwa unaisoma kwa ajili yako mwenyewe. Sitaki kulifikiria sana.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda stoo asubuhi, shule iko kimya, wanafunzi wa bweni wanafua. Nilianza na Bob. Nikamfuta yeye na nyumba yake ya faili na vyote vilivyomo, bila kikao. Seva haikuniuliza hata swali.

Kisha nikatengeneza jina langu. Kemi. Nikatoka, nikaingia kwa jina hilo, nikajaribu amri ya wakubwa. Kaka, unajua ilinijibu nini? Kwamba Kemi hayumo katika orodha ya wenye mamlaka, na tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani? Nikatoka, nikaingia kwa jina lako, na kweli, kulikuwa na taarifa inakusubiri: mdogo wako amejaribu kufanya jambo asiloruhusiwa. Maisha yako yote ulikuwa unapewa taarifa zangu na Mama. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka mlinzi akachungulia.

Nikachukua karatasi ya Bwana Idrisa. Nikafuata herufi kwa herufi, lakini safari hii nilijua ninachokisema. Nikatoka, nikaingia kwa jina langu, nikajaribu tena ile amri, ikakubali. Nikajaribu tena mara nyingine, sikuamini.

Sura yako inasema mtu akiondoka una njia mbili kuhusu nyumba yake mle ndani: uifute, au umkabidhi mwingine. Nikakabidhi. Amri ya mstari mmoja tu, na masomo yote, mipango yako yote, michoro yako ya fizikia, vikawa vyangu, kufumba na kufumbua. Buganguzi tulitumia siku nzima na madumu ya pombe ya lubisi, na mpaka leo binamu analalamikia baiskeli. Nilikagua masomo ya Bumbire. Yalikuwepo yote. Nilifungua moja, nikakusikia ukisema "tuendelee," nikafunga haraka kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Ilibaki kufunga jina. Niliandika ule mstari. Nikauangalia. Nilikwenda dirishani nikawatazama watoto wakianika mashati yao kwenye uzio, nikarudi, nikabonyeza. Seva ikajibu kwa maneno mawili matatu makavu kama karani.

Mwongozo unasema: hakikisha kwa kujaribu kuingia kwa jina hilo. Sasa kwa nini mtu aandike jambo kama hilo bila hata kumwonya msomaji? Nikatoka. Nikaandika jina lako. Nikaandika neno lako la siri, ulivyonitajia wodini, herufi ile kubwa uliyoirudia mara mbili ili nisikosee. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikasema nimekosea.

Sikuwa nimekosea. Nilijua sijakosea. Nikaandika tena, kidole kimoja kimoja. Kikasema nimekosea.

Hapo ndipo nilipolia. Siku tuliyokuzika sikulia, nilikuwa nahesabu sahani na kutafuta nani ana ufunguo wa stoo ya kanisa. Nililia Jumamosi ile, kichwa juu ya vitufe, kioo kikijaza herufi zisizo na maana. Nimekukumbuka, Kaka. Nimekukumbuka mpaka inanikera. Nilikuwa nimejizoesha kwamba uliingia jana.

Baada ya muda nilijifuta uso nikaingia kwa jina langu. Jumatatu Adela alikuja, akakagua, akanisifu, akaunganisha. Nakala ya Bumbire imepelekwa jana kwa mtumbwi wa injini pamoja na magunia ya ndizi. Sauti yako ndiyo itakayowaandaa watoto wa kule kwa moko, kama mwaka jana.

Upumzike sasa. Hasira yangu imepungua, haijaisha. Ile habari ya "hizo nazijua" nitakuja kukuuliza uso kwa uso, na Mungu akinijalia umri hutaisikia karibuni. Kibanja kinatunzwa. Mama namwangalia. Nitakuletea maua ya kwanza ya kahawa mvua zikirudi, kwa kuwa ulikuwa unapenda harufu yake na kujifanya huipendi.

Na nakuahidi hivi. Wapo walimu wawili ambao nimeanza kuwafundisha, wote wana majina yao na mamlaka yao, na wote nimewapa kitabu chenye kurasa zote, nilichomwomba Adela anitafutie. Somo la kwanza sikuanza na kutengeneza mtumiaji. Nilianza na kumfunga aliyeondoka, na jina ninalowapa wafanyie mazoezi ni langu. Wanalifunga, ninajaribu kuingia, ninakataliwa, wanalifungua tena. Mwanzoni walikuwa wanaona haya. Sasa wanafanya bila kusita, na wamezoea kuona kwamba Kemi anakataliwa, na kwamba hakuna aliyekosea herufi.

Mdogo wako,
Kemilembe